Mto uleule: karai linatoa dhahabu, ditekta iko kimya. Kwa nini?

#1 Karai_la_Jumamosi
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua mwezi wa tatu sasa, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mimi ni mwalimu, naishi Mbeya. Jumamosi nikiwa sina ratiba napanda gari la asubuhi kwenda Chunya. Kuna korongo linaloingia Mto Lupa, eneo hilo lina leseni ya shemeji yangu. Sitafuti riziki pale, mshahara ninao. Napenda tu ile kazi: kuchota mchanga, kuutikisa majini, kuona mstari mwembamba wa njano ukibaki nyuma ya mchanga mweusi. Mwaka huu nikaongeza ditekta, mashine ya kusaka metali ardhini, ya mtumba, ya masafa ya kHz 18, maana rafiki yangu anatafuta sarafu za zamani na alishanionjesha utamu wake.

Sasa sikilizeni. Korongo lina kona moja, upande wa ndani karai linatoa kila nikienda. Karai kumi hazipiti bila chembe kumi na tano au ishirini. Nikipitisha ditekta palepale kabla sijagusa mchanga, kimya kabisa. Lakini nikipanda ukingoni, kama mita 20 kutoka kwenye maji, ambako nimeosha karai nane bila kuona hata chembe moja, ndiko mashine inakopiga kelele mpaka masikio yanauma.

Mto uleule, mtu yuleyule. Nani anasema kweli hapa, karai au mashine?

#2 Mdau_wa_Makongolosi
Naweka kigoda kabisa. Swali hili limenitesa hata mimi.

#3 Fundi_Koili
Mwalimu, wote wawili wanasema kweli.

Ditekta haijui dhahabu. Koili, lile duara la waya chini ya mashine, inatoa nguvu ya sumaku inayobadilika mara maelfu kwa sekunde. Sumaku hiyo ikigusa metali inaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo ndiyo inayokurudishia sauti. Kipande kikiwa kidogo kama unga, mkondo hauna pa kuzungukia. Na chembe mia zilizotengana hazijumlishi sauti zao. Zina uzito wa kipande kimoja, lakini kwa mashine ni mia zisizosikika.

Fanya jaribio nyumbani. Nina kichupa cha unga wa mtoni, gramu 1.4. Nikikipitisha chini ya koili, mashine yangu haikohoi. Halafu nina kipande cha pointi 2, yaani gramu 0.2, nilichookota Matundasi, ukubwa wa punje ya mchele iliyokatika. Hicho kinaita kikiwa vidole vitatu kutoka kwenye koili. Gramu moja na pointi nne kimya, pointi mbili inaita! Ukilishika hilo umeuelewa mto wako.

#4 Mama_Mwalo
Fundi umesema vizuri, ila umeruka mchanga mweusi.

Nimeosha kwenye mialo ya Chunya, yaani mifereji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, miaka 19, nimeanza na karai, nikaenda kwenye marudio, ule mchanga ulioshaoshwa, sasa nina mwalo wangu. Kona ya ndani ndiko maji yanakochoka. Yakichoka yanatua mizigo, na mzigo mzito unatua kwanza. Mchanga mweusi unalala pale na dhahabu inalala nao. Huo mweusi ni chuma, ukiusogezea sumaku unasimama kama nywele. Mashine ikifika juu yake inanguruma, mwenye mashine anaona kero, anaishusha nguvu. Ukiishusha nguvu umeiziba masikio.

Mwalimu, ulisawazishia ardhi wapi, yaani uliizoesha mashine sauti ya udongo wa wapi? Ukingoni au palepale kwenye mchanga mweusi?

#5 Karai_la_Jumamosi
Shikamoo mama. Niliisawazisha pale ninaposhukia, kwenye udongo mwekundu wa ukingoni. Nikateremka nayo mtoni hivyohivyo.

#6 Mama_Mwalo
Marahaba mwanangu. Basi anzia hapo. Udongo mwekundu una sauti yake, mfinyanzi una yake, mchanga mweusi una yake. Kila unapohamia unaanza upya.

#7 Fundi_Koili
Mama, kusawazisha nakubali asilimia mia. Lakini hata asawazishe kuanzia alfajiri mpaka magharibi, unga utabaki unga. Kwa mashine za masafa ya juu unaweza kushuka kidogo. Fisher Gold Bug 2 iko kHz 71 na Gold Monster 1000 ya Minelab iko kHz 45, zimetengenezwa kwa ajili ya vipande vidogo. Ila nazo zinahitaji kipande, siyo vumbi.

#8 Shimo_Refu
Nyote mnaongelea juu juu, na dhahabu iko chini.

Angalieni uzito. Dhahabu safi ni mara 19.3 ya maji, jiwe jeupe la kwatsi ni mara 2.65, mchanga mweusi wa sumaku ni kama mara 5. Mto ukifurika, changarawe yote inatembea na kutikisika kama mchele kwenye ungo. Kila ikitikisika, kizito kinashuka hatua moja. Miaka mia ya mafuriko, kizito kiko wapi? Kiko kwenye mwamba, ndani ya nyufa, hasa zile zilizokatiza mkondo wa maji. Unga unaouona kwenye kona ni ule mwepesi ulioletwa na mvua ya juzi. Vipande vya kuita viko chini, na mashine ya kHz 18 kwa kipande kidogo haivuki kiganja cha mkono.

Usiuze mashine. Nunua sururu.

#9 Ikolomani_254
Hamjambo wenzangu wa Chunya. Mimi niko Kakamega, na hapa suala la kelele za ukingoni sisi tumelizoea. Hizo ni takataka za walowezi. Gold rashi yetu ya 1932, yale mafuriko ya watu kukimbilia dhahabu, ilileta wazungu na mahema, mikebe ya nyama, misumari, viatu vya farasi. Waliondoka, chuma kikabaki. Shamba la babu yangu ukipitisha ditekta inaimba kutoka ua hadi ua, na yote ni misumari. Mwalimu, hiyo mashine yako inakusomea historia ya kambi ya mtu.

#10 Kumbukumbu_Nyaraka
Sahihisho dogo kwa #9. Dhahabu yenyewe ilionekana Oktoba 1931, kwenye Mto Yala. Aliyeiona ni L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima upande wa Turbo. Mwaka 1932 ndipo watu walipofurika. Na Desemba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za Waafrika, sheria ambayo haikuwa hata na miaka mitatu, ili ardhi ya hifadhi, yaani iliyotengewa Waafrika, iweze kuchukuliwa kwa ajili ya migodi bila wenyeji kuulizwa. Wazee wa Kakamega hawajasahau.

Lupa ni ya zamani zaidi. Dhahabu ya mtoni ilipatikana huko 1922, na miaka ya 1930 makorongo yalijaa wachimbaji wa kila taifa. Kwa hiyo hoja ya takataka inaweza kusimama hata Chunya.

#11 Ikolomani_254
Asante mwalimu wa historia, nimekubali 1931. Babu husema 1932 kwa sababu ndio mwaka walipofika kwake.

#12 Jicho_Kavu
Samahani kuuliza swali la msingi. Mna uhakika hizo chembe ni dhahabu? Huku Handeni kijana alijaza nusu chupa ya soda, alipofika sokoni akaambiwa ni ulanga.

Weka karai kivulini. Ulanga unazimika, dhahabu haijali kivuli. Gonga chembe kwa nyundo juu ya chuma: dhahabu inakuwa bapa, ile njano ya uongo inapasuka unga, na ukiichoma inanuka kiberiti.

#13 Karai_la_Jumamosi
Ni dhahabu mkuu. Nilipeleka gramu 0.9 kwenye soko la madini, wakaipima mbele yangu. Kivulini inabaki na rangi ileile ya ute wa yai.

Kuhusu kelele za ukingoni, #9 umenigusa. Jumamosi iliyopita nilichimba sehemu tano zilizoita. Nimepata misumari minne ya zamani ile yenye mwili wa pembe nne, kipande cha bati kilichokunjika, na ganda la risasi la shaba. Ganda lile lilikuwa limegeuka kijani, nikalisugua kwa kidole gumba likaonyesha mdomo uliobonyea, kama mtu alilikanyaga. Nililishika muda mrefu.

#14 Fundi_Koili
Hapo sasa. Mashine yako ina kitufe cha kuchuja chuma, sivyo? Ulikuwa umekiwasha ukiwa mtoni?

#15 Karai_la_Jumamosi
Nilikiwasha. Nilichoka na misumari.

#16 Fundi_Koili
Basi hilo nalo ni jibu la pili. Kipande kidogo cha dhahabu, hasa kikiwa juu ya ardhi yenye chuma, mashine inakisoma kama chuma au kama karatasi ya fedha ya sigara. Ukiwasha kichujio unakitupa pamoja na misumari. Waokotaji wazoefu wanachimba kila sauti. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

#17 Mtoto_wa_Iramba
Mmesema sarafu, nami nakumbuka. Marehemu bibi alikuwa anasimulia pauni ya Tabora, Wajerumani waliifua wakati wa vita ya kwanza, dhahabu safi ya Geita. Kuna mtu humu amewahi kuipata kwa ditekta?

#18 Kumbukumbu_Nyaraka
Bibi alisimulia vizuri, turekebishe mambo mawili. Ni sarafu ya rupia 15, ilifuliwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli. Upande mmoja ana tembo amepandisha mkonga mbele ya milima, upande wa pili tai wa Wajerumani. Siyo safi, dhahabu ni sehemu 750 kwa 1000, uzito wake gramu 7.168. Na dhahabu haikutoka Geita, ilitoka Sekenke. Yaani kwenu, Iramba.

#19 Mtoto_wa_Iramba
Kwetu? Miaka yote nimekaa kilometa chache kutoka Sekenke na sikujua. Asante sana ndugu.

#20 Fundi_Koili
Na sarafu ya gramu 7 ditekta inaisikia bila shida. Bapa, mviringo, mkondo unazunguka humo kama mbio za uwanjani. Ndiyo maana rafiki wa mwalimu anafurahia sarafu na mwalimu anateseka na mto. Mashine moja, vitu viwili.

#21 Mwana_Ituri
Jambo ndugu zangu wote. Mimi ni wa Bunia. Huku Ituri dhahabu ya mtoni wazee wameijua tangu Wabelgiji walipofungua mgodi wa Kilo baada ya 1903, na wazee wetu wana jibu ambalo hamjalitaja.

Wanasema dhahabu inahama. Mahali palipotoa jana, leo pamelala. Palipokuwa kimya, baada ya mvua kubwa panatoa. Baba mdogo wangu ameosha mto mmoja miaka thelathini na hajawahi kurudi kwenye shimo lake la mwaka jana. Anasema ukilirudia unaulazimisha mto. Sisemi ni mizimu au si mizimu. Nasema mzee huyu hajawahi kulala njaa.

#22 Shimo_Refu
Baba mdogo anasema jambo la kweli kabisa. Mto ukifurika unafagia na kutandika upya. Kinachohama ni ule unga mwepesi wa juu. Kile cha kwenye mwamba hakihami mpaka mwamba uhame.

#23 Biolojia_Mitaani
Mimi nitaongeza la ajabu zaidi: huenda dhahabu inakua palepale mtoni. Kuna bakteria anaitwa Cupriavidus metallidurans, watafiti wa Australia wamemkuta juu ya ngozi ya chembe za dhahabu. Dhahabu kidogo iliyoyeyuka majini ni sumu kwake, anajitetea kwa kuigeuza kuwa metali tena. Utafiti ulitoka 2006. Kwa hiyo chembe zinaweza kujengwa polepole, moja moja, ndogo ndogo. Labda kona ya mwalimu ni kitalu.

#24 Fundi_Koili
Biolojia, bakteria nimekubali yupo. Lakini kitalu cha karai kumi kila Jumamosi? Hapana mkuu. Chembe zile zimetoka kwenye mshipa wa kwatsi mlimani, mvua imeumega, mto umezileta. Ndiyo maana ukizitazama kwa lenzi kingo zake ni laini.

#25 Biolojia_Mitaani
Sijasema zote. Ila jiulize kwa nini ganda la nje la chembe ya mtoni lina fedha kidogo kuliko kiini chake. Kuna kitu kinafanyika majini.

#26 Mama_Mwalo
Fedha inalika na maji, dhahabu inabaki. Hata sisi wa mwaloni tunajua ya mtoni inapata bei nzuri kuliko ya mwamba wa jirani. Hilo halihitaji mdudu.

#27 Biolojia_Mitaani
Mama, unaniua na darubini yangu mkononi. Nitarudi.

#28 Mburundi_Melbourne
Habari za siku nyingi. Nawasoma nikiwa Victoria, Australia, na ninafurahi maana huku hobi hii ni ya familia nzima. Kuna kibali kinaitwa Miner's Right, unakilipia mara moja kinadumu miaka 10. Kinakuruhusu karai, mwalo mdogo, ditekta na vifaa vya mkono. Mitambo hapana, baruti hapana, hifadhi nyingi za taifa hapana, na shimo lazima ulifukie. Jumapili unakuta wazee, watoto na mbwa kwenye makorongo ya Ballarat na Bendigo, ambako rashi ilianza 1851.

Mwaka 1980 mtu mwenye ditekta alipata kipande cha kilo 27.2 karibu na Kingower, wakakiita Hand of Faith. Hakikuwa mtoni. Kilikuwa ardhini, karibu na juu. Kwa hiyo hata huku waliozoea wanagawa kazi: karai ni la mto, ditekta ni ya nchi kavu na ya mwamba uliokauka. Mwalimu subiri kiangazi, korongo likikauka pitisha mashine kwenye mwamba mtupu.

#29 Sheria_Kwanza
Kabla watu hawajaondoka na makarai, tuweke hili wazi. Tanzania haina kibali cha hobi kama hicho cha #28. Sheria ya Madini ya 2010 inasema hutafuti wala huchimbi madini bila leseni, uwe unauza au unapamba kabati. Leseni ndogo ya uchimbaji inadumu miaka 7, ni ya Watanzania. Ukiuza unapita soko la madini, masoko hayo yalianza Geita Machi 2019.

Pili, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mto dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoharibu. Tatu, wenye ditekta za sarafu: kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukikiona, acha pale na toa taarifa.

Mwalimu, leseni ni ya shemeji. Wewe uko pale kama nani?

#30 Karai_la_Jumamosi
Swali la haki. Shemeji anajua kila ninapokwenda, na chochote ninachopata kinaingia kwenye kitabu chake, kinauzwa kwa jina la leseni yake. Ile gramu 0.9 aliuza yeye, mimi nilisimama pembeni nikitazama mizani. Ukiacha yale mashimo madogo ya ukingoni niliyoyataja, nachota kwenye mchanga wa mtoni tu, sikati ukingo, na nikitoka nimefukia. Hata mizizi ya mikuyu sijaigusa ingawa najua chembe zinajificha humo.

#31 Mdau_wa_Makongolosi
Kwa hiyo shemeji anakula na wewe unaloa. Mwalimu, hongera kwa ndoa imara.

#32 Mama_Mwalo
Mwacheni mwalimu, anafanya jambo la heshima.

Mimi nina ombi moja kwa wote mnaoanza: zebaki, ile ya kunasia dhahabu, msiiguse. Mtu mwenye karai moja haihitaji. Inachemka kwa nyuzi 357, mvuke wake huuoni, na mwenzangu niliyeanza naye kazi alikuwa anachomea jikoni kwenye kikaangio kilekile cha vitumbua. Mikono yake leo haishiki kikombe cha chai, mtoto wake ndiye anamnywesha. Unga wako utoe kwa sumaku. Ivalishe mfuko wa nailoni, izungushe juu ya mchanga mkavu, mweusi utapanda. Ukivua nailoni mweusi unadondoka. Kilichobaki puliza taratibu kwenye karatasi. Inachukua saa nzima. Saa nzima si kitu.

#33 Jicho_Kavu
Pole sana kwa mwenzako mama. Asante kwa kusema.

#34 Aliyeungua_Mara_Moja
Nami niseme langu, limenikaa kooni. Miaka minne iliyopita nilinunua mashine ya antena mbili, zile unazishika mikononi kama bastola. Muuzaji alisema inaona dhahabu kwa mita 800, hata chini ya mto. Nilitoa milioni mbili na laki tatu, pesa ya mahindi. Antena zilijipinda kila nilipochoka mikono. Nilichimba mashimo sita kwenye bonde la baba yangu, moja linanifika kifuani. Maji tu. Nilipoifungua ndani kulikuwa na betri, taa moja na waya usioenda popote.

Ninaomba kila anayesoma uzi huu aelewe: ditekta ya kweli inasikia kwa sentimita. Anayekuambia mita mia, mkimbie.

#35 Fundi_Koili
Umefanya vyema kusema, ndugu. Wengi wanakaa kimya kwa aibu na wenzao wanaliwa.

#36 Ikolomani_254
Pole ndugu. Huku pia zilipita, na walioumia zaidi ni wazee wenye shamba dogo.

#37 Karai_la_Jumamosi
Wakuu, mrejesho. Nimerudi jana usiku.

Kwanza nilifanya jaribio la #3 mezani, watoto wakitazama. Kichupa cha unga, nadhani ni gramu moja na kidogo: kimya. Kipini cha pua cha mke wangu, kidogo kuliko punje ya mtama: kiliita. Binti yangu akaniuliza, "Baba, kwa hiyo dhahabu inabidi ishikane mikono ndipo isikike?" Nimeshindwa kupata jibu zuri kuliko hilo.

Mtoni nilizima kichujio, nikasawazisha upya juu ya mchanga mweusi wenyewe kama mama alivyosema. Mashine ilinguruma, nikavumilia. Kona bado kimya. Nikafuata #8, nikachota changarawe yote sehemu ya upana wa godoro mpaka nikafika kwenye mwamba, kina cha kiuno. Nikapitisha koili. Kwenye ufa mmoja kukawa na mnong'ono, siyo sauti, ni kama mtu anayevuta pumzi. Ukipitisha haraka unaupoteza.

Nilipiga magoti nikauchokonoa ule ufa kwa bisibisi na kijiko. Kwanza ulitoka udongo wa bluu unaonata, halafu kokoto ndogo nyeusi, halafu kitu kizito cha kijivu, bapa, kikubwa kama mbegu ya papai. Risasi ya gobore. Mnong'ono ukaisha.

Udongo wa ufa huo niliuosha peke yake, vijiko vitano tu. Chembe thelathini na moja, na moja kati yake unaishika kwa kucha. Nimeipima leo: pointi 1 kasoro. Ilikuwa imekaa sentimita moja kutoka kwenye ile risasi, na mashine haikuitaja.

Sasa naomba mnieleze. Risasi ndiyo iliyoita, na chembe ikafunikwa na sauti yake? Au ni ndogo mno? Au ni udongo ule wa bluu?

#38 Fundi_Koili
Pointi 1 kasoro kwa kHz 18, na ardhi inayonguruma, sishangai. Ni ndogo mno kwa mashine hiyo.

#39 Shimo_Refu
Mimi nasema risasi iliifunika. Risasi na dhahabu zote nzito, zinalala kitanda kimoja. Ukipata risasi kwenye ufa, chini yake usiondoke. Na nilisema sururu.

#40 Mama_Mwalo
Huo udongo wa bluu umeutupa au unao?

#41 Karai_la_Jumamosi
Ninao mama, ndoo nusu, niliufunika kwa gunia lenye unyevu. Kwa nini?

#42 Mama_Mwalo
Usiuoshe ukiwa mbichi. Unashika chembe kwenye mabonge na kuzitoa nje ya karai huku unatazama. Uanike ukauke mpaka upasuke, uponde kwa mkono, uloweke usiku kucha, ndipo uoshe. Kisha uje utuambie kuna ngapi.

#43 Mwana_Ituri
Na usirudi kwenye ufa uleule wiki ijayo. Baba mdogo amenituma niseme hivyo.

#44 Shimo_Refu
Arudi! Ufa haujaisha, ameingia na kijiko tu.

#45 Karai_la_Jumamosi
Ndoo iko juu ya paa la banda la kuku, imeanza kupasuka. Jumatano nitaloweka.